Nimeambiwa homoni zangu ziko chini. Nidungwe sindano?

"Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, mkaazi wa Amu (mji wa Lamu), kazi yangu ni kuendesha boti ya abiria. Mwaka mmoja sasa nimekuwa mchovu kupita kiasi. Hamu ya ndoa imepungua, na asubuhi siamki tena kama mwanamume anavyoamka. Kitambi kimetoka, kifua kimeanza kulegea kama cha mwanamke, na usiku naamka mara tatu kwenda haja ndogo. Mke wangu analalamika kwamba nakoroma kama injini ya mashua. Muguka (majani ya aina ya miraa) natafuna, lakini si kila siku. Mwezi uliopita nilikuja Malindi kwa shughuli zangu, nikapita maabara alasiri nikapimwa testosteroni, homoni ya kiume. Ilitoka 9.4, wakaandika 'chini'. Rafiki yangu alipimwa Mombasa akapata 480, naye amenizidi umri! Kijana mmoja wa jimu ameniambia nikidungwa sindano kila wiki mbili nitarudi kama wa miaka 20. Mwengine ameniuzia dawa ya mizizi, nimetumia nusu chupa. Siku nyengine inafanya kazi mpaka nashangaa, ila kichwa huniuma. Mke wangu angependa tupate mtoto wa tatu. Je, nianze sindano? Na ni kweli kwamba kuku wa gredi ndio waliotuletea homoni za kike?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe ili usisome roho ikiwa juu: sindano usianze. Kipimo ulichofanya hakijathibitisha chochote, na dalili ulizoniandikia zinanifanya nishuku kitu chengine ambacho hukukitaja hata kwa jina. Nitakifikia.

Kwanza tuiondoe hofu ya 9.4 na 480. Nyinyi wawili hamkupimwa kwa mizani moja. Maabara nyengine huandika testosteroni kwa nanomoli ndani ya lita, nyengine kwa nanogramu ndani ya desilita. Ni sawa na mvuvi mmoja kutaja samaki wake kwa kilo na mwenzake kwa ratili, kisha mmoja aende nyumbani akilia. Zidisha yako kwa 28.8 utapata kama 271. Rafiki yako amekuzidi, sawa, lakini hata mara mbili haifiki. Na hiyo 271 yenyewe siiamini, kwa sababu ya saa uliyotolewa damu.

Testosteroni ina kujaa na kupwa kama bahari unayoiendesha kila siku. Hupanda usiku mtu akiwa usingizini, hufika kileleni asubuhi mapema, halafu hushuka mchana kutwa. Ndiyo maana damu hutolewa kabla ya saa nne asubuhi, mtu akiwa hajafungua kinywa. Wewe, nikikisia, ulivuka Mokowe alfajiri, ukakalia basi nusu siku, ukafika Malindi ukala, ndipo ukaingia maabara. Sukari na wanga tu vinatosha kuiteremsha kwa kiasi cha robo kwa saa kadhaa. Umepimwa maji yakiwa yamekupwa, ukaambiwa bahari imekauka.

Kipimo cha haki ni hiki: asubuhi, tumbo tupu, siku mbili tofauti, wala si wiki uliyougua malaria au homa nyengine, kwa sababu ugonjwa wowote huishusha. Kwa mizani ya maabara yako, ikiwa chini ya 8 mara zote mbili na dalili zipo, huo ni upungufu wa kweli. Ikiwa juu ya 12, sababu ya shida hutafutwa kwengine. Kati ya 8 na 12 ni ukungu, na ndani ya ukungu nahodha mwerevu hapunguzi macho wala haongezi mwendo. Hapo tunapima zaidi. Kwa mtu mwenye kitambi hasa, protini inayobeba testosteroni ndani ya damu hupungua, kwa hivyo hesabu ya jumla huonekana ndogo hali testosteroni iliyo huru, ile inayofanya kazi, bado inatosha.

Sasa neno "homoni zimevurugika". Nalisikia kila wiki hapa kliniki, na silipendi. Halitaji ugonjwa. Ni kama abiria kukwambia "boti ina tatizo". Wewe mwenyewe utauliza: injini, mafuta, au usukani? Kwa mwanamume huwa inaweza kuwa testosteroni, inaweza kuwa tezi ya shingo, inaweza kuwa prolaktini (homoni ya maziwa), inaweza kuwa insulini, na kila moja ina dawa yake. Tena usidhani mwanamume hana homoni za kike. Estrojeni anayo, na akiikosa mifupa yake hulegea. Kinachodhuru ni kuzidi.

Nikueleze mtambo unavyofanya kazi, maana ukiuelewa huu hutahitaji mtu wa jimu kukushauri. Fikiria tangi la maji juu ya paa, lenye boya ndani, na pampu kule kisimani. Tangi likijaa, boya huinuka na pampu huzima. Likipungua, boya hushuka na pampu huwaka. Tangi ni damu yako. Pampu ni korodani. Boya liko ubongoni: sehemu iitwayo haipothalamasi, na chini yake tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya mbaazi. Tezi hiyo hutuma homoni mbili, LH inayoamrisha korodani kutengeneza testosteroni, na FSH inayosimamia mbegu. Ndiyo maana daktari akikuta testosteroni iko chini kweli, swali la pili ni je, LH iko juu au chini? Ikiwa juu, ubongo unapiga kelele na pampu ndiyo mbovu: pengine mtu aliugua matubwitubwi ukubwani yakashuka korodani, au korodani hazikuteremka utotoni, au alizaliwa na kromosomu ya X iliyozidi bila kujua. Ikiwa LH nayo iko chini, pampu ni nzima ila haipewi amri. Huko ndiko walioko wengi wa umri wako.

Basi sindano ni nini? Ni kumwaga madumu ya punda ndani ya lile tangi. Litajaa, ndiyo. Boya litainuka na pampu itazimwa. Wiki zikipita pampu isiyofanya kazi husinyaa, na korodani husinyaa kweli, kwa macho. Na mbegu za uzazi hazitengenezwi kwenye tangi. Hutengenezwa kwenye pampu, ambako testosteroni inahitajika kwa wingi unaopita ule wa damu mara nyingi sana. Kwa hivyo mwanamume anayedungwa anaweza kuwa na misuli, hamu na ndevu, na mbegu zake ni sifuri. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuzijaribu sindano za aina hiyo kama uzazi wa mpango wa wanaume, na matokeo yakatoka mwaka 1990 na 1996. Kwa wengi zilizuia mbegu kabisa. Wewe unatafuta mtoto wa tatu, na umeshauriwa kutumia kitu kilichojaribiwa kuzuia watoto! Akiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, lakini kusubiri ni miezi 6 hadi 12, na wengine hufika miaka 2.

Nimesema nitakifikia kile ninachokishuku. Ni sukari. Mwanamume wa miaka 44 mwenye kitambi, mchovu, anayeamka mara tatu kukojoa, na nguvu zimepungua, mimi simpimi testosteroni kwanza. Namchoma kidole. Kiasi cha theluthi ya wanaume wenye kisukari cha aina ya pili wana testosteroni ya chini pia, na wengi wao walikuja wakiuliza habari za nguvu za kiume, hawakuuliza habari za sukari. Ukipimwa kabla ya kula na ukapata 7.0 (milimoli ndani ya lita) au zaidi, kipimo kikarudiwa kikasema hivyo hivyo, hicho ni kisukari. Kipimo cha wastani wa miezi 3 kikiwa asilimia 6.5 au zaidi, vilevile. Huenda nikawa nimekosea, na nitafurahi nikikosea, lakini kipimo hiki hugharimu sehemu ndogo tu ya kile ulicholipa Malindi.

Kitambi chenyewe si mzigo uliolala tu. Mafuta ya tumbo yana kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa estrojeni. Estrojeni hiyo hupanda ubongoni na kuliinua lile boya, kana kwamba tangi limejaa, na pampu hupunguza mwendo. Testosteroni ikipungua misuli hupungua, mafuta huongezeka, na mafuta yakiongezeka… umeshaona mzunguko. Hilo linajibu nusu ya swali la kifua chako. Nusu nyengine utaijibu mwenyewe kwa vidole: lala chali, bonyeza nyuma ya chuchu. Ukihisi laini tu, ni mafuta. Ukihisi kama kitufe kigumu kigumu kinachouma kidogo, hiyo ni tezi ya titi imekua, na tutatafuta sababu, mara nyingi dawa fulani. Uvimbe mgumu upande mmoja tu, au chuchu kutoa damu, usiubonyeze mara ya pili. Njoo. Wanaume nao hupata saratani ya titi.

Kuku wa gredi hawahusiki. Wanakua upesi kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi na chakula wanachopewa. Hakuna mfugaji mwenye faida ndogo namna ile atakayeshika kuku mmoja mmoja kumdunga homoni. Mimi ningeogopa zaidi ile soda inayoteremshiwa huyo kuku.

Kukoroma nako usikuchukulie kama kichekesho cha mkeo. Muulize swali moja: je, kuna wakati unanyamaza kabisa, kisha ukashtuka kama mtu aliyezama akaibuka? Ikiwa ndiyo, koo lako linaziba usingizini na hewa inakatika. Usingizi wa namna hiyo hauipi testosteroni nafasi ya kupanda, hukufanya uamke kukojoa, hupandisha presha, na mchana unasinzia kwenye usukani na abiria nyuma yako. Huko Chicago, mwaka 2011, vijana 10 wenye afya njema waliachwa walale kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao ni vijana, na wiki moja tu. Hapo ndipo na muguka inapoingia. Sikutukani wala sikuhukumu, najua baraza za Pwani zilivyo. Lakini jani lile linakuibia usingizi, linabana mishipa ya damu, linapandisha presha, na huendi nalo peke yake. Lina jojo, lina soda, lina sigara. "Si kila siku" ni siku ngapi?

Kuna jambo moja nataka ulitenganishe kichwani. Hamu ni jambo moja na kusimama ni jengine. Hamu hutegemea sana testosteroni. Kusimama hutegemea zaidi mishipa ya damu na neva. Tunapocheka kwamba jogoo hapandi mtungi, mara nyingi jogoo mwenyewe ni mzima, njia ndiyo iliyoziba. Mishipa inayopeleka damu uumeni ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo ina kama 3 hadi 4. Taka ileile ikigandama kwenye mabomba yote, ni bomba gani litaziba kwanza? Ndiyo maana mwanamume aliyepungukiwa nguvu hupimwa presha, sukari na mafuta ya damu. Uume huweza kutoa onyo miaka michache kabla ya moyo.

Hiyo chupa ya mizizi inanitia wasiwasi kuliko yote. Dawa ya mizizi ya kweli haifanyi kazi "siku nyengine mpaka unashangaa", tena ikaacha kichwa kinauma. Hizo ni tabia za sildenafili, dawa ya hospitali iliyoingia sokoni mwaka 1998, na kuichanganya kisirisiri ndani ya unga wa mizizi ni mchezo ulioshikwa nchi nyingi. Sildenafili si sumu, mimi mwenyewe huiandika. Lakini naiandika nikijua kipimo, na nikijua mtu hatumii dawa ya moyo ya naitreti, ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Zikikutana hizo mbili, presha huanguka ghafla na mtu anaweza asiamke. Wewe hujui umemeza miligramu ngapi, na aliyekuuzia hajui pia.

Biashara ya kuuza ujana si mpya, tena mwanzilishi wake maarufu alikuwa mtu wa bahari hii yetu. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Morisi mwaka 1817, akawa daktari mkubwa Paris. Mwaka 1889, akiwa na miaka 72, alisimama mbele ya wataalamu wenzake akatangaza kwamba amejidunga maji ya korodani za mbwa na za panya wa Guinea, na nguvu zimerudi, mpaka mkojo wake unaruka mbali kuliko zamani. Alikuwa amepima! Ulaya nzima ikakimbilia sindano. Ila korodani hazihifadhi testosteroni, huitengeneza na kuiachia, na yale maji hayakuwa na kiasi cha kumfaa mtu. Mzee hakudanganya. Alitamani, akahisi. Kila nikiona mteja aliyeridhika akimsifu muuza mizizi, namkumbuka.

Nisije nikakufanya udhani testosteroni ya hospitali haina kazi. Inayo. Mtu mwenye upungufu uliothibitishwa hurudishiwa hamu, damu yake huongezeka, mifupa hukaza, na huzuni yake hupungua kidogo. Tulikuwa tukiogopa sana habari ya mshtuko wa moyo. Utafiti mkubwa uliotoka 2023, wenye wanaume zaidi ya 5,000 walio na hatari ya moyo, haukuona mshtuko wa moyo wala kiharusi kuzidi kwa waliotumia dawa. Lakini uliona mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vikizidi. Kwa hivyo anayetumia hupimwa: chembe nyekundu zisipite asilimia 54 ya damu, tezi dume iangaliwe, na kipimo kirudiwe baada ya miezi 3 hadi 6. Mwenye saratani ya tezi dume au ya titi hapewi, wala aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, wala anayekatikiwa hewa vibaya usingizini kabla hajatibiwa. Anayetaka mtoto pia hapewi, huyo zipo dawa nyengine zinazoiamsha pampu badala ya kuizima, na hizo ni za mtaalamu wa homoni. Kijana wa jimu hakupimi chochote, na chupa yake hujui imetoka wapi.

Kabla hujafanya lolote, jiulize pia dawa unazomeza. Tramadoli ya mgongo ikitumiwa miezi huzima lile boya, na heroini vilevile. Wapo ndugu zetu hapa Pwani walioingia humo, na hutibiwa bila kuaibishwa. Vidonge vya steroidi vya pumu au vya ngozi vikiwa vya muda mrefu, dawa za ugonjwa wa akili, baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, zote hugusa homoni. Usiziache ghafla. Zitaje tu.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Wiki hii nenda hospitali ya kaunti hapo Amu upimwe presha, sukari, mafuta ya damu na figo, na umweleze mhudumu kuhusu kukoroma. Mizizi, acha leo. Testosteroni irudiwe baada ya hapo, asubuhi, na ukitaka kuipimia Malindi basi fika jioni ulale, uende maabara alfajiri hujala. Kuhusu mtoto, kipimo cha shahawa, baada ya siku 2 hadi 7 bila kukutana, kitakwambia mengi kuliko homoni yoyote. Mkeo naye apimwe, maana uzazi una wawili.

Kitambi nacho hakihitaji jimu. Kazi yako ni ya kukaa, ndiyo balaa lake. Kutoka Amu hadi Shela kando ya bahari ni kama kilomita 3. Tembea jioni, mara nyingi za wiki, kwa mwendo wa kutoa jasho. Chai iwe na sukari kidogo au bila, soda iondoke, mahamri yawe mawili si matano, samaki kula utakavyo. Ukiwa na kilo 95 ukashuka hadi 85, testosteroni huweza kupanda kwa 2 au 3 za mizani yako bila sindano. Jumlisha na 9.4 uone umefika wapi.

Yapo yasiyongoja. Korodani ikiuma ghafla na kwa nguvu, una saa kama 6 kuiokoa, kwa hivyo boti ya usiku itafutwe. Uvimbe mgumu ndani ya korodani, hata usipouma. Maumivu ya kichwa yasiyokwisha pamoja na macho kutoona pembeni, au chuchu kutoa maziwa, huenda ni uvimbe wa ile tezi ya pituitari. Kifua kubana ukipanda ngazi. Na kama ile dawa ya mizizi itakufanya usimame zaidi ya saa 4, usione haya, kimbia hospitali.

Ukija kuniona, njoo na mkeo, kwa sababu yeye ndiye anayejua unavyokoroma. Leta karatasi zako zote, na ile chupa pia, na nusu iliyobaki ndani.